Siku saba za kitufe cha I na S: Mbezi, Posta, Iringa na kurudi

Jumatatu

Leo nimeanza kuandika. Daftari ni la mwanangu la mwaka jana, kurasa za nyuma zilibaki tupu, na kalamu nimeifunga uzi ili isipotelee chini ya kiti.

Gari ni Subaru Forester ya 2014, injini ya lita 2.0 isiyo na tabo (turbo), giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua. Kwenye usukani kuna vitufe viwili, I na S. Subaru wanauita mfumo huo SI-Drive, na magari yao yalianza kuwa nao mwaka 2006. Ukibonyeza I gari linatulia, ukibonyeza S linachangamka. Zile zenye tabo zina na cha tatu, S#, kwa wenye haraka zaidi.

Kwa miaka miwili nimekuwa nabishana na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, juu ya vitufe hivyo. Yeye anasema I inalifanya gari kuwa zito, unalazimika kukanyaga zaidi, kwa hiyo mafuta yanaliwa yale yale. Fundi wangu anasema I inaokoa, ila ukimwuliza inaokoa kiasi gani anageukia kazi yake. Mimi mwenyewe nilikuwa sina namba hata moja. Na bei ya petroli tunayotangaziwa na EWURA, wadhibiti wa nishati, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi haimpi mtu nafasi ya kuendelea kukisia. Ijumaa nampeleka Mama nyumbani Iringa, baada ya kukaa kwetu mwezi mzima. Nikaona wiki hii inatosha: siku nne za foleni, kisha njia kuu, milima, na kurudi.

Kipimo changu ni cha kawaida. Unajaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, huongezi hata tone. Unaandika kilomita. Siku ya kujaza tena unarudi sheli ile ile, pampu ile ile, unajaza mpaka ijikate, unagawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Namba ya kwenye dashibodi siitegemei, kwangu huwa inajipendelea. Asubuhi nimepima na kujaza upepo gari likiwa bado la baridi: psi 33 mbele, 32 nyuma, kama kibandiko cha mlangoni kinavyotaka. Tairi la nyuma kushoto nimelikuta na 26. Sijui nimetembea nalo hivyo kwa wiki ngapi. Tairi lililolegea linaviringika kwa shida na injini ndiyo inayolipa, tena kila mita.

Leo na kesho ni S. Nimetoka nyumbani Mbezi, Dar es Salaam, kwenda kazini Posta saa kumi na mbili kasoro. Mpaka Kimara mambo si mabaya, barabara ni pana. Baada ya hapo ndipo kazi inapoanza. Gari la mbele likisogea mita kumi, mguu wangu unagusa tu pedeli na Forester inaruka kama imeitwa jina. Papo hapo nakanyaga breki. Inaruka, nabana. Mabasi ya mwendokasi yanapita pembeni kwenye njia yao, mimi naruka na kubana mpaka Ubungo, na baada ya Daraja la Kijazi tena mpaka Magomeni. Nikafika Posta nimechoka kifundo cha mguu. Kila mruko ule niliununua kwa petroli, kisha nikaugeuza kuwa joto kwenye diski za breki.

Jumanne

S tena. Joto kali, kiyoyozi muda wote. Jioni tumesimama Magomeni dakika ishirini na kitu bila tairi kuzunguka. Gari likiwa limesimama, I na S ni kitu kimoja: injini inanguruma palepale, kiyoyozi kinavuta, na kwa injini ya lita mbili hiyo ni karibu lita moja kwa kila saa unayokaa hivyo. Hakuna kitufe cha kukuondoa hapo.

Nimejaza Mbezi usiku. Kilomita 94, lita 13.6. Ni 6.9 kwa lita.

Jumatano

Leo I. Tofauti niliisikia kabla sijaiona. Pedeli ni ile ile, ila sehemu yake ya juu imekuwa kama imejazwa pamba. Unaibonyeza kidogo, gari linajivuta taratibu. Mishale ya mizunguko inakaa 1,200, 1,400, haikimbilii 2,000 kila nikisogea. Na kwa kuwa gari haliruki, sina sababu ya kubana breki. Nikajikuta naacha nafasi mbele, mita tano, mita nane, natambaa nayo. Daladala mbili na bajaji moja zikaingia kwenye nafasi hiyo kabla sijafika Ubungo. Waingie. Nimefika kazini dakika nne baada ya muda niliofika jana, na hizo nne huenda ni za taa tu.

Alhamisi

I. Asubuhi njia ilikuwa nyepesi kuliko siku zote, lazima niliandike hilo ili nisijidanganye. Nimejaza: kilomita 96, lita 12.4, sawa na 7.7 kwa lita. Zaidi ya lita moja imebaki tangini kwa siku mbili. Ukijaza kidogo namna hii pampu ikikata mapema au ikichelewa inaweza kukupotosha, kwa hiyo siapi kwa hiyo namba. Lakini hisia ya mguu naiapia.

Shemeji amekuja kulala ili tutoke pamoja. Nilimwonyesha daftari. Akasoma, akanirudishia. "Shem, foleni siyo gari. Tukafike mlima Kitonga ndipo tuongee."

Ijumaa

Tumetoka Mbezi saa kumi na moja alfajiri. Mama kakaa nyuma upande wa kushoto, blanketi magotini, Shemeji mbele pembeni yangu. Kwenye buti kuna begi la Mama, mfuko wa dagaa, na nazi ishirini alizonunua mwenyewe, maana Iringa nazi ni bei na nyingi zimeshakauka. Zilikuwa ndani ya kiroba. Kufika Kibaha kamba ya kiroba ilishafunguka, na kuanzia hapo safari nzima nimeendesha nikisikiliza nazi. Ukikanyaga mafuta kwa pupa zinabingirika nyuma na kugonga mlango wa buti. Ukibana breki zinakuja mbele na kugonga kiti cha Mama. Ukienda vizuri zinanyamaza. Sijawahi kuwa na kipimo kizuri namna hiyo, na hakuna kompyuta iliyonifundisha kwa haraka kama zile nazi.

Baada ya Mlandizi, barabara tupu bado giza, nikafanya jaribio nililolipanga. Nilikuwa modi ya I, kilomita 70 kwa saa, mguu umetulia. Nikamwambia Shemeji aangalie mguu wangu kwa taa ya simu ahakikishe hautikisiki. Nikabonyeza S. Mguu palepale. Mshale wa mizunguko ukaruka kutoka kama 1,500 hadi kupita 2,200, gari likajisukuma mbele, nazi zote ishirini zikagonga mlango wa nyuma kwa pamoja.

"Mwanangu, gari imepatwa na nini?"

"Hakuna kitu Mama, najaribu kitu."

"Usijaribu na mimi nikiwemo."

Nilimwomba radhi. Lakini jibu nililitaka na nimelipata mbele ya shahidi. Kitufe kile hakibadilishi chakula cha injini. Kinabadilisha tafsiri ya mguu wako. Pedeli ya siku hizi haina waya wa kuvuta kabureta, inatuma ombi kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua ifungue koo la hewa kiasi gani na giaboksi ishikilie mizunguko mingapi. Kwenye I, ombi dogo linajibiwa kidogo. Kwenye S, ombi lile lile linajibiwa kwa wingi. Kwenye magari mengine, Toyota nyingi kwa mfano, modi ya Eco inapunguza na nguvu ya kiyoyozi. Hapo ndipo wengine wanaponung'unika kwamba Eco "inaua AC".

Morogoro, Msamvu, tukanywa chai na nikajaza. Kilomita 172 kwa lita 12.2, ni 14.1 kwa lita. Gari lile lile lililokuwa linameza lita moja kwa kila kilomita saba juzi. Vijijini 50 kama alama zinavyotaka, nje ya hapo 80 na kidogo, sikusimama ovyo.

Kati ya Morogoro na Doma kuna vipande vilivyonyooka. Nikaweka krusi, kile kitufe cha kushikilia mwendo, kwenye 80 na modi ya I, nikaandika alichonisomea Shemeji kwenye kipimo cha papo hapo, kisha S kwenye kipande hicho hicho. Mizunguko ikapanda kidogo, matumizi yakabaki karibu yale yale. Shemeji akapiga paja: "Si nilikuambia!" Na hapo alikuwa na haki. Mwendo ukiwa mmoja, gari linahitaji nguvu ile ile ya kukata hewa na kuviringisha matairi, na kompyuta ya krusi haina papara ya mguu wa mtu. Kilichobadilisha namba ni nilipopandisha krusi hadi 110. Ukinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 kwenda 110 unakaribia kuwa mara mbili. Kilomita kwa lita zikazama papo hapo, iwe I, iwe S.

Sasa kosa langu la siku. Kabla ya Mikumi nilikuwa nyuma ya lori la mizigo, modi ya I. Nikaona njia nyeupe, nikatoka kuovateki, nikakanyaga. Gari likafikiri kwanza. Ni sekunde moja, labda moja na nusu, ila upande wa pili basi lilishatokea kwenye mwinuko. Nikakata shauri, nikabana breki, nikarudi nyuma ya lori. Nazi zilikuja mbele kama mawe, mbili zikapasuka, na Mama hakusema neno kwa kilomita nzima. Ukimya wake uliniuma kuliko angenifokea. Lita za mafuta haziokolewi pale. Tangu saa ile, kabla sijatoka kuovateki, nabonyeza S nikiwa bado nyuma ya lori, nakwenda, nikirudi upande wangu naweka I. Mtu akiniuliza S ni ya nini, namwambia ni ya hapo.

Hifadhi ya Mikumi barabara inapita katikati kwa kilomita kama 50, na mchana mwisho ni 70. Nyani kando ya lami, swala, twiga wawili mbali. Kwa mafuta, kipande hiki ndicho kilikuwa kitamu kuliko vyote: mwendo mdogo usiobadilika, madirisha wazi, kiyoyozi kimezimwa. Mama alifungua kinywa hapo, akamwonyesha Shemeji tembo.

Ruaha Mbuyuni tumenunua vitunguu, joto limeshuka bondeni lote na mibuyu imesimama bila jani. Halafu Kitonga.

Kitonga nilianza na I. Malori yamejipanga kama treni, yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, na harufu ya breki za yale yanayoshuka inaingia mpaka ndani. Kwenye I nilikuta nakanyaga pedeli mpaka nusu na zaidi kutafuta nguvu, gari linajibu kwa kuchelewa, nazidisha, linazidi, nalegeza. Nikaweka S. Gari likashika mizunguko 2,800 na kutulia hapo, mguu ukawa mwepesi. Kipimo cha papo hapo kilikuwa kimezama kwenye kilomita 4 kwa lita kabla na baada. Shemeji akanitazama, hakusema kitu.

Nilipiga hesabu jioni. Gari, sisi watatu na mizigo ni kama kilo 1,850. Kutoka Mbuyuni hadi Iringa unapanda kama mita 1,000. Kuinua uzito huo kimo hicho, kwa injini ambayo sehemu kubwa ya petroli yake inaishia kuwa joto, ni karibu lita mbili, na mlima unazidai kwa modi yoyote.

Ipogolo nimejaza: kilomita 306, lita 25.3. Ni 12.1 kwa lita. Tukapanda mjini. "Kamwene," jirani wa Mama akatupokea getini, na nazi zikateremshwa.

Jumamosi

Iringa asubuhi ni baridi ya koti. Leo nilikuwa dereva wa Mama: sokoni, kanisani kuulizia ratiba, kwa dada yake Kihesa, Ipogolo na kurudi. Safari fupi fupi, hakuna foleni hata kidogo, modi ya I siku nzima. Nilitegemea namba nzuri. Jioni: kilomita 38, lita 5.0. Ni 7.6, sawa na foleni ya Magomeni.

Nilikaa nayo muda hiyo namba. Sababu ni injini baridi. Ikiwashwa baridi, kompyuta inaipa petroli nyingi zaidi mpaka ipate joto, na oili nzito ya giaboksi nayo inagoma. Mimi nilikuwa nazima na kuwasha kabla haijafika joto lake, kisha kila mara napanda kilima cha kutoka Ipogolo. I haiwezi kupasha injini. Kama ningeunganisha safari zile tano ziwe mbili ningeokoa zaidi ya kitufe chochote.

Mama alipika wali wa zile nazi mbili zilizopasuka.

Jumapili

Nilimpa Shemeji usukani mpaka Morogoro. Tulikubaliana aendeshe anavyoendesha siku zote, S, bila kunionea haya. Buti sasa lina gunia la viazi, na Ilula tukaongeza tenga la nyanya.

Kushuka Kitonga alitaka kutoa gia, aweke gia huru, "tuteremke bure." Nilimkatalia kabisa na nitamkatalia mtu yeyote. Kwanza ni hatari: injini haikusaidii tena kuzuia, kazi yote inaangukia breki, na breki zilizochemka hazishiki. Pili, si bure. Gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye pedeli, kompyuta inafunga petroli, matairi ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka gia huru, injini inabidi ipewe petroli ili isizime. Nilimwambia atoe mguu aangalie kipimo. Kikapanda mpaka mwisho wake, kikakaa hapo. Na hapa S ilikuwa nzuri, ilishikilia mizunguko juu na gari likajizuia lenyewe. Alishuka vizuri, akigusa breki kwa vipindi.

Bondeni ndipo alipokuwa yeye. Penye nafasi 110, 120. Anafika nyuma ya lori kwa kasi, anabana, anatoka, anakanyaga. Sikusema kitu mpaka Msamvu. Kilomita 306, lita 24.1. Ni 12.7 kwa lita, njia ile ile niliyoipanda kwa 12.1. Mimi mlima nilikuwa naupanda, yeye alikuwa anaushuka. Kwa hesabu yangu alitakiwa atumie lita 22 tu.

Alisimama na risiti mkononi. "Lakini Shem, S haikufanya hivi. Ungeniwekea I ningekanyaga zaidi nifike 120 ile ile."

Ni kweli. Nilimwambia ni kweli. Ila nikamwuliza kwa S anakwenda mara ngapi 120 bila kukusudia. Akafikiri. "Nyingi," akasema. Tumewahi kwa dakika ishirini na tano kuliko nilivyokwenda mimi, na dakika hizo zimegharimu lita mbili na tenga moja lenye nyanya zilizopondeka chini.

Nikachukua usukani Msamvu. I, mguu ule ule wa Ijumaa. Lakini Ijumaa ilikuwa alfajiri na hii ni Jumapili jioni, nchi nzima inarudi Dar. Chalinze malori, Mlandizi tumesimama, Kibaha tumetambaa. Mbezi, sheli ile ile, pampu ile ile: kilomita 172, lita 14.8. Ni 11.6. Ijumaa kipande hiki hiki kilinipa 14.1.

Kwenye kioo cha nyuma cha gari langu kuna kile kibandiko cha kijani cha Kijapani, kinachosema limefikia kiwango cha serikali yao cha matumizi ya mafuta. Kipimo chao cha wakati ule, JC08, kilifanyiwa ndani, gari likiwa juu ya rola, na mwendo wa juu kabisa ulikuwa kilomita 81.6 kwa saa. Chumba kile hakina Chalinze ya Jumapili jioni.

Shemeji ameshuka na sehemu yake ya viazi. Ameniomba daftari, anataka wiki ijayo apime la kwake, IST isiyo na kitufe chochote, ila ina taa ndogo ya kijani ya Eco inayowaka ukikanyaga kwa upole. Nimemchania kurasa sita za nyuma. Kesho saa kumi na mbili kasoro natoka kuelekea Posta kama kawaida, I, ila kuna jambo moja tu: tairi la nyuma kushoto nilipolipima sasa hivi lina 30. Linavuja. Kabla ya kazi napitia kwa fundi wa pancha.